Jina Lililosomwa kwenye Kipaza Sauti

Joubert Park, Johannesburg
3 Oktoba 2016

Mwanangu Emérite,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile koti tulilonunua Doornfontein linatosha kwa baridi ya huko. Sisi tu wazima. Lifti ya jengo imekufa tangu Agosti, kwa hiyo magoti yangu yanapanda ghorofa saba kila siku. Nashona sare za shule. Mamie wa chumba chetu bado anasuka nywele pembeni ya bustani, na kila jioni anaingia na swali lile lile: "Mama Léo, mutoto hajaganda bado?" Namweleza kwamba damu ina chumvi, na mwili unajipasha joto wenyewe. Ananisikiliza vizuri kabisa, halafu anapiga magoti na kukuombea usigande.

Unajua kwa nini nakuandikia kwa mkono wakati watu wote wanatumia simu. Nalirudia, kwa sababu safari hii nina la kusema. Mwaka 2007 ni simu iliyotuletea ujumbe ule: DADA NIMEPATA NDEGE YA NORWAY. FIRMIN AMEFARIKI KASULU. NITAPIGA. Mdogo wangu Astère, baba yako, hajapiga mpaka leo. Ulikuwa na miaka kumi na moja, ukalala na simu ile chini ya mto hadi betri ikavimba. Tangu hapo naamini mwandiko tu.

Huyo Firmin humkumbuki, maana nilikuleta huku ukiwa na miaka mitano. Alikuwa rafiki wa baba yako tangu darasa langu la sita kule Rumonge. Walikimbia pamoja, na kambini Kasulu, Tanzania, waliishi kibanda kimoja. Alipokufa nilimlilia. Baba yako hata kumlilia rafiki yake pamoja nasi hakupata nafasi. Alikuwa na ndege.

Sasa masomo yamekupeleka nchi ile ile. Hatukulitaja hadi uwanja wa ndege, wala pale hatukulitaja. Leo nalitaja. Mtafute. Usimwombe kitu. Nataka asimame mbele ya watu anaowaheshimu, aambiwe alichotufanya, akose pa kuweka macho. Una bahati moja: kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Yeye ni Barutwanayo, wewe ni Inamahoro. Hakuna atakayekujua mpaka upende.

Shangazi yako,
Léocadie


Trondheim, 12 Desemba 2016

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Mama Mamie sijaganda, ila pua yangu nadhani si yangu tena. Jua linazama kabla ya saa tisa mchana. Masomo ya maji yanakwenda vizuri.

Watu wa hapa ni wa ajabu. Kwenye basi kila mmoja anakaa kiti chake na hakuna anayekutazama. Lakini theluji ikianguka wote wanavaa ski, zile mbao ndefu za kutelezea, na kwenda msituni, na huko kila anayekupita anakusalimu, hata wale waliokupuuza asubuhi. Jumatatu profesa wetu haulizi tumesoma nini, anauliza: "Mlienda ski?" Watoto wa miaka mitatu wananipita wakicheka. Kuna mashine inayochonga mifereji miwili kwenye theluji, mmoja kwa kila mguu, kilomita nyingi kabisa. Siku ya kwanza nilitembea juu ya mifereji hiyo na viatu. Bibi wa miaka themanini hivi akasimama mbele yangu na fimbo zake: "Binti, mtu kaamka alfajiri kuchonga hii, wewe unaikanyaga kama ng'ombe!" Eish, Shangazi, niliona aibu hadi masikio yakapata moto, jambo gumu kwa hali ya hewa hii.

Kwa hiyo nikajiandikisha kwa mafunzo ya wageni. Klabu ya mtaa inafundisha bure kila Jumamosi. Hapa kujitolea kazi ya wote kunaitwa dugnad, na anayeikwepa hasahauliki. Majina ya wanaojitolea yamebandikwa kwenye mlango wa kibanda. La mwisho ni Astère Barutwanayo.

Nililisoma mara nne. Halafu akatoka nje, mrefu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, mikono imejaa nta. Picha zote ziliungua, ulisema, kwa hiyo sikuwa na uso wa kulinganisha. Akaniambia kwa Kiswahili, "Dada, umetoka wapi?" Nikasema Johannesburg. "Kwenu Kongo?" Nikasema ndiyo, asinijue. Akapiga goti kwenye theluji akanifungia viatu kwenye ski, kama mtu anayemfungia mtoto viatu vya shule. Nilitazama utosi wake. Nifanyeje?

Emérite


Joubert Park, 21 Januari 2017

Mwanangu,

Barua yako imetumia wiki tano. Mwaka mpya umeingia salama. Chini ya jengo watu wamefungua spaza nyingine, wanauza mkate na umbea.

Usifanye chochote kwanza. Ukimwambia peke yake atalia, nawe utamwonea huruma, na mambo yatakwisha kimya kimya jikoni mwake. Sitaki kimya. Tumekaa kimya karibu miaka kumi.

Nimekwenda maktaba kusoma hizo ski, maana sipendi kusikia jambo nisilolielewa. Kumbe chini yake hupakwa nta inayoshika theluji unapokanyaga kwa nguvu, na huachia unaponyanyua uzito. Theluji ya baridi kali ina chembe zenye ncha, hutaka nta ngumu. Theluji inayokaribia kuyeyuka hutaka nta laini. Anayekosea anarudi nyuma kila anapojaribu kupanda kilima. Naona baba yako amepata kazi ya kumfaa, kusaidia watu waende mbele huku yeye ameacha wake nyuma.

Jifunze kwake. Mjue anampenda nani, anaheshimiwa na nani, anaogopa nini. Na nitumie picha yake, ya karatasi. Nataka kuona miaka kumi imemfanya nini. Ikiwa amenenepa, niambie mapema.

Na wewe usije ukampenda.

Shangazi


Trondheim, 19 Februari 2017

Shangazi,

Shikamoo. Pole na magoti. Picha nimeiweka ndani ya karatasi ngumu isikunjwe. Hajanenepa.

Ana mke anaitwa Diane na mabinti wawili wadogo. Wamezaliwa hapa, Kirundi wanasikia tu. Kwenye klabu wanamheshimu kuliko mtu yeyote. Anaishika theluji kwa vidole, anaiminya, anainusa, halafu anasema: "Leo nta ya bluu, na zambarau kidogo chini ya kisigino." Wazungu waliozaliwa na ski miguuni wanangoja kwenye mstari wapewe rangi na Mrundi. Kuna mzee anamtania: "Kwenu theluji iko wapi, Astère?" Anajibu: "Kwenye friji ya mmisionari." Wanacheka hadi wanashika meza.

Mimi sasa naweza kilomita kumi. Kuna kushuka kilima kimoja ambako huogopi kitu, unasikia ski zikiimba tu. Jumapili iliyopita tulikaa wote juu ya ngozi za kulungu, tukala machungwa. Alinimenyea langu. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Tarehe 25 Machi kuna mashindano ya klabu. Kila anayefika mwisho, jina lake linasomwa kwenye kipaza sauti. Baadaye waliojitolea wanaitwa mmoja mmoja kushukuriwa, mji mzima ukitazama. Wanafunzi wa kigeni wanapewa nafasi ya kusema neno. Nimeomba niseme mimi. Wakimaliza kusoma jina lake, nitashika kipaza sauti na kusema mimi ni nani. Najua jibu lako halitawahi. Sitangoja.

Emérite


Joubert Park, 30 Machi 2017

Emérite,

Picha imefika jana. Mamie aliiona kwanza akasema, "Mama Léo, huyu ni ndugu yako? Mbona haufanane naye hata kidole?"

Huyu si baba yako. Huyu ni Firmin.

Kovu juu ya jicho la kushoto alilipata darasani kwangu, alipokimbilia mpira na kugonga kona ya ubao. Nilimfunga jeraha kwa kitambaa changu mwenyewe. Siwezi kukosea.

Fikiri polepole kama nilivyokufundisha. Ikiwa Firmin yuko hai kwa jina la Astère, basi mtu aliyekufa Kasulu kwa jina la Firmin ni Astère. Mdogo wangu hakupanda ndege. Hakutusahau. Hakuwa na mkono wa kupiga simu. Na mimi nimemlaani maiti miaka kumi, kila usiku kabla ya sala na mara nyingine badala ya sala.

Kama hujasema, usiseme. Kama umesema, Mungu akusaidie.

Léocadie


Trondheim, 14 Mei 2017

Shangazi,

Sijui nikusalimie vipi. Pole. Pole sana kwa ndugu yako. Nipe na mimi pole kwa baba yangu.

Barua yako imefika Jumanne. Nilikuwa nimeshasema.

Walisoma jina lake, nikapanda jukwaani na ski mkononi. Nikasema kwa lugha yao, neno kwa neno kama nilivyojizoeza: "Huyu mnayempigia makofi ni baba yangu. Aliniacha nikiwa na miaka kumi na moja, hakutuma hata neno. Naitwa Emérite, binti Astère." Niliona macho yake yakitafuta pa kutua, kama ulivyotaka. Nilifurahi, Shangazi. Kwa pumzi moja hivi nilifurahi sana.

Halafu akaja akanikumbatia. Akalia kwa sauti. Akasema "Mwanangu, mwanangu" mbele ya watu mia tatu. Wakapiga makofi wakiwa wamevaa glovu, kama watu wanaokung'uta mito. Bibi wa fimbo alikuwa analia.

Fikiria alichokuwa nacho kichwani. Angeweza kusema simjui huyu binti. Lakini Astère alikuwa na binti, imeandikwa kwenye faili lake la ukimbizi. Kwa hiyo, juu ya jina, akanichukua na mimi.

Wiki sita nilikula kwake. Mabinti zake waliniita dada. Nilimwita Baba. Alinipa ski zake za zamani. Nilianza kukuandikia barua ya kukuomba umsamehe, ukurasa wa kwanza bado ninao.

Jumanne niliposoma barua yako nilikwenda kibandani. Alikuwa anakwangua nta ya msimu kutoka kwenye ski za watoto. Nilisimama nyuma yake nikaita, "Firmin."

Akaitika, Shangazi. "Karame," kama tunavyoitika kwetu, kabla hajageuka. Kisha mkono wake ukasimama.

Nikamwambia, "Nieleze, na usilie." Akaeleza. Malaria ilipanda kichwani, baba alikufa siku ya tatu. Muuguzi alikuja na daftari akauliza jina la marehemu. "Sikupanga," akasema. "Mdomo ulitaja langu." Barua ya safari ya Norway, yenye jina la baba, ilikuwa kwenye mfuko, gari linaondoka Alhamisi. Picha ya faili ilikuwa ya zamani, wanaume wawili wembamba wa kambini, nani angeangalia? Nikamuuliza kuhusu ujumbe. Akasema, "Niliogopa dada yake angemtafuta."

Nikasema, "Ulinikumbatia."

Akasema, "Ningefanya nini?"

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisi ya wageni nikaandika yote. Hawakuniuliza kama nina uhakika. Waliniuliza kama nataka maji.

Emérite


Joubert Park, 2 Julai 2017

Mwanangu,

Pole kwa baba yako. Natamani ningekupa pole hiyo nikiwa nimekushika.

Tulimfanyia matanga Jumamosi, humu chumbani. Alexis wa kanisani alisoma, Mamie alipika sombe ya watu arobaini. Warundi walikuja toka Midrand na kila mmoja aliuliza, "Amekufa lini?" Nikajibu, "Miaka kumi iliyopita." Walidhani huzuni imenichanganya. Nikawaeleza hatua kwa hatua, kama hesabu ya kugawanya, hadi wakaelewa.

Umefanya vizuri kumshtaki. Sasa nataka nisikie kila hatua. Mtu akiniibia kitambaa namwelewa. Huyu aliniibia huzuni yangu, akanipa chuki niitumie badala yake, na kwa ndugu yangu mwenyewe. Sina haraka. Nitamngoja amalizike, nitazame.

Shangazi


Trondheim, 9 Februari 2018

Shangazi,

Shikamoo. Theluji imerudi. Naenda peke yangu, njia ya upande wa pili wa ziwa.

Klabu wamegawanyika. Wengine wananiambia nilifanya haki. Mzee wa utani ameniambia, "Ulituchukulia mtu wetu." Nilimjibu kwamba walimpata kwa jina la baba yangu. Diane amehama na mabinti. Mdogo aliniuliza kwa barua kama bado mimi ni dada yake. Sijamjibu.

Sasa sikia jambo la ajabu. Firmin amekiri kwamba yeye si Astère. Lakini ofisi inasema haijui ni nani. Kwa karatasi, Firmin alikufa Kasulu. Kijiji chake kilitawanyika, wazazi wamekufa, daftari za wilaya ziliungua. Wanataka mtu mzima aliyemfahamu kabla ya kambi, aandike kwamba anamtambua. Amewapa jina moja tu. Lako.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Ina swali moja la maana na nafasi ya kujibu. Mwanasheria wake ameniomba niipokee ukiirudisha, kwa sababu ni mimi nitakayewasomea Kiswahili chako.

Emérite


Joubert Park, 18 Machi 2018

Mwanangu Emérite,

Mamie anakusalimu. Lifti imetengenezwa na imekufa tena, yote ndani ya wiki moja.

Nimesoma fomu hiyo mara nyingi na kila mara imenipa raha, nakiri. Ulimwengu mzima una watu zaidi ya bilioni saba, naye anamhitaji mmoja, mwanamke anayeshona sare Joubert Park. Nimemshika bila kunyanyua kidole.

Kwenye nafasi ya kujibu nimeandika hivi: "Firmin niliyemfundisha alifariki Kasulu mwaka 2007. Nilipewa habari hiyo na mtu aliyekuwa pale. Mwanamume wa kwenye picha simjui."

Utaona hakuna neno ambalo yeye mwenyewe hakulisema kwanza. Alitaka Firmin afe, nakubaliana naye. Na akae hapo asiwe Astère wala Firmin, asipate wa kumwita wala pa kuandikwa. Mabinti zake wakikua wamuulize jina lake, akose.

Wasomee kama ilivyo.

Shangazi


Trondheim, 6 Mei 2018

Shangazi,

Sijawasomea. Iko mezani kwangu.

Usidhani nimemhurumia. Nakuandikia kama ulivyonifundisha, hatua kwa hatua, na ukiona nimekosea unisahihishe.

Nilimwuliza yule mama wa ofisini: baba yangu ataandikwa lini kwamba amekufa? Akafungua faili akasema: hawezi. Kuna kifo kimoja Kasulu, kaburi moja, jina moja. Maadamu Firmin ni marehemu, aliye kaburini ni Firmin. Na Astère Barutwanayo anabaki kwenye vitabu vyao kama mtu aliyeingia nchi hii, akajifunza lugha, akaoa, akapaka watu nta, kisha akapotea.

Yaani ukimwua Firmin kwa kalamu, Shangazi, unamrudisha baba yangu kuwa mtu aliyepanda ndege na kutusahau. Unampa tena maisha ya yule mwizi. Hata jina kwenye msalaba siwezi kubadilisha; wa Kasulu wameniambia nilete karatasi kwanza.

Na kuna jingine. Mtu asiye na jina hashtakiwi kwa jina. Wanamwekea mkutano, unaahirishwa, wanamwekea mwingine. Anakaa chumbani kwake, anakunywa kahawa. Mimi nataka siku moja asimame, asomewe: "Firmin, ulifanya hivi," naye aitike kama alivyoniitikia mimi. Nataka hilo kuliko ninavyotaka akose usingizi.

Nimeomba fomu mpya. Hii hapa. Ile ya kwanza sitaichana wala sitaitafsiri. Ukiniambia niipeleke, tafuta mtu mwingine wa kuisoma.

Nakusalimu kwa heshima yote.

Emérite


Joubert Park, 25 Juni 2018

Mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe nne. Siku kumi na tisa sikuigusa fomu. Nilishona. Mamie alisema, "Mama Léo, hiyo karatasi inakula chakula chako." Nikamwambia anyamaze, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza.

Nilitafuta kosa katika hoja yako. Nimesahihisha madaftari miaka ishirini na sita, kosa likiwepo naliona hata wino ukiwa umefifia. Sikuliona.

Basi nimejibu. Nimeandika jina lake lote, jina la baba yake, mlima waliotoka, mwaka alioingia darasani kwangu na dawati alilokaa, la tatu upande wa dirisha, pamoja na mdogo wangu. Nimeandika kwamba hesabu alikuwa anamwibia Astère majibu na mimi nilikuwa najua, nikampa alama zile zile, kwa sababu alikuwa mtoto na nilidhani ataacha. Wasomee na hilo.

Halafu uwaombe tarehe ya kumsomea mashtaka. Nitakuja. Nitapanda ndege, mimi niliyeapa sitaipanda, nikae kiti cha mbele anione. Koti nitashona mwenyewe.

Nisingependa wakuulize swali ambalo hawajaliandika, kwa hiyo nakupa jibu mapema. Fomu haiulizi kama nimemsamehe. Inauliza kama namjua.

Namjua.

Shangazi yako,
Léocadie